Tarakimu Baada ya Kistari

"Sasa nimwambie nini, bosi? Kwamba kipini cha bastola kipo na hakipo?"

"Mwambie kipo. Halas." Hamad alikuwa amesimama kati yangu na friji, funguo za gari mkononi. "Mie nshamwambia kipo. Kilichobaki ni wewe kumsomea kama unavyomsomea siku zote."

"Siku zote namsomea kilichoandikwa."

"Leo msomee ninachokwambia."

"Yaani vidole vya baba yako vife ndipo wewe upate raha?"

"Chunga mdomo, dada Winfred. Safari yako Alhamisi. Pasi yako hii hapa." Akajipigapiga mfuko wa kanzu. "Kafili wako ni mimi. Nisipotia saini, hutoki Riyadh hata kwa miguu."

Nilizima jiko. Mchuzi ulikuwa umeanza kushika chini, na mimi sigombani huku chakula kinaungua.

"Na ile bastola yenyewe iko wapi?" nilimuuliza.

"Jeddah. Nimempa mtu mkubwa, ameniahidi kazi. Si ingekuwa yangu Mzee akifa? Basi nimetoa changu. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba hajafa."

Mzee Haroub, baba yake, alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa kijana, akaja kuwa fundi wa silaha hapa. Alipostaafu alibaki na kabati la vioo sebuleni kwake mtaa wa Al-Naseem, limejaa rivolva za zamani, zote zina vibali na hakuna hata moja yenye risasi. Kisukari kilikuwa kimeshamla macho nilipofika. Mimi nililetwa kupika na kumhudumia. Siku aliposikia nina diploma ya ufundi mitambo, alijipiga paja akacheka mpaka akakohoa.

"Diploma ya mashine, nao wamekuleta unioshee sufuria! Nyie watu wa bara mna mambo. Vuta kiti, mwanangu."

Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri, nilikuwa macho yake. Tunachukua bastola moja, nafungua silinda inalala kando. Kwenye fremu, pale panapofichwa na mkono wa silinda, pamepigwa mhuri namba ya modeli, kisha kistari, kisha tarakimu. Kila mara kiwanda kilipobadilisha kitu cha maana ndani yake, tarakimu ilipanda. Mimi nasoma, yeye anahakikisha kwa kidole gumba. Nikikosea, kidole kinanikatalia, naye anafurahi kuliko nikipatia.

Aliyoipenda kuliko zote ni magnum ya arobaini na nne, ya mtutu mrefu, ambayo baada ya kistari ina mbili. Ubavuni mwa fremu, pale mtutu unapoingia, kuna kipini chembamba kinachoushika usizunguke. Nyuma ya silinda kila tundu limechongwa ukingo, kitako cha risasi kizame ndani. Toleo lililofuata, lenye tatu, waliviondoa vyote viwili. Inapiga vilevile, ila wakusanyaji wanakitafuta kile kipini. Mzee aliinunua mwaka aliozaliwa Hamad. "Hii ya Hamad," alikuwa akisema kila akiishika. "Nikifa msigombane."

Mwezi uliopita Hamad aliichukua akaenda nayo Jeddah, eti kwa fundi wa kurudishia chuma rangi. Alirudi nikiwa nimetumwa soko la Al-Dirah kununua udi. Akamwekea baba yake mkononi magnum nyingine: mtutu ule ule, mbao zile zile za mshikio, uzito ule ule. Mzee akatafuta kipini kwa kidole gumba. Akatafuta tena. Hamad akamwambia, "Kipo, baba. Ni wewe tu hukihisi."

Na daktari alikuwa amemwonya: baada ya macho, sukari huenda kwenye vidole.

Niliporudi nilimkuta kitandani ameugeukia ukuta. "Winfred, na vidole vimekwenda," alisema, akanisimulia yote. Tasbihi ameiweka chini, anasema haamini tena hesabu yake. Chai ameikataa kwa sababu hataki kunyweshwa. Asubuhi yake nilipofuta vumbi kabatini nilifungua silinda nikaiona ile tatu. Ndiyo maana nilikuwa jikoni nikibishana na kafili wangu.

"Una mtoto," Hamad aliniambia sasa, kwa sauti ya chini. "Si unataka kumwona?"

Ninaye. Alvin. Nilimwacha Machakos anatambaa, sasa anakimbia. Anamwita nyanya yake mama. Mimi ananiita Mama wa Simu. Wiki jana nilimwambia nakuja, akauliza kama nitatoshea mlangoni, maana amezoea kuniona niko mdogo kwenye kioo. Nilicheka naye, nikakata simu, nikaingia bafuni nikafungulia maji ili madam, mke wa Hamad, asinisikie.

Najua pia yanayowapata wanaogombana na makafili. Rafiki yangu Fridah alitoroka kwa mwajiri wake bila pasi. Yuko Jeddah, mtaa wa Kandara, chumba kimoja na wanawake wenzake, hana ikama, kile kibali cha kuishi, akisikia mlango unagongwa anaingia chini ya kitanda. Wanawe wameshaacha kumuuliza anarudi lini.

"Sawa," nilimwambia Hamad. "Nitamsomea mbili."

"Mama mwenye akili. Yalla."

Nami nilikusudia kufanya hivyo. Mzee ana mtoto wake na mimi nina wangu. Niliitoa bastola kabatini, nikaingia chumbani, Hamad nyuma yangu.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, amejitahidi. "Winfred?"

"Ni mimi, Mzee."

"Nimefikiri. Mtu hana macho, hana vidole, akae na kabati la chuma la nini? Nitamwambia Hamad alitoe lote. Lakini kwanza nataka unisaidie kitu kimoja." Akanyoosha mkono. "Usinisomee. Kishike kidole changu, kiweke juu ya kipini. Nikijua pale pale ndipo kilipo, huenda nikakihisi. Hata kidogo. Nitaridhika."

Nilimtazama Hamad. Alinionyesha kwa kidevu: fanya.

Nilipiga magoti. Nikashika kidole gumba cha Mzee, kikavu, kina moto. Nikakipeleka ubavuni mwa fremu, pale mtutu unapoingia. Chuma kilikuwa laini kama kioo. Kidole kilikwenda mbele, kikarudi nyuma. Kikasimama. Mdomo wake ukaanza kucheza kama wa mtoto anayejizuia.

"Nimefika?" akauliza.

"Umefika."

"Sihisi kitu, mwanangu."

Pale nilijua kuwa nikikaa kimya dakika moja zaidi, nitakaa kimya mpaka uwanja wa ndege. Nikamwona Alvin mlangoni kwa nyanya yake, anangoja kunipima. Nikamwambia moyoni asingoje.

"Hukihisi kwa sababu hakipo, Mzee," nilisema. "Vidole vyako vizima."

"Winfred!" Hamad aliita.

Sikugeuka. Nilifungua silinda, nikaingiza ncha ya kidole chake nyuma ya matundu, moja baada ya jingine. "Sikia. Kingo hazikuchongwa. Na hapa kwenye fremu, baada ya kistari, ni tatu. Naisoma kama ilivyoandikwa. Hii siyo ile yako."

Kidole kilitambaa polepole, kikazunguka tundu, kikarudi mahali pa kipini. Safari hii hakikusita. Machozi yalimteremka Mzee mpaka kwenye ndevu, wala hakuyapangusa.

"Na yangu iko wapi?"

"Muulize mwanao," nilisema. "Amesimama hapo mlangoni."