Namba ya Baba

Wiki nzima nilimuuliza baba swali lilelile kila jioni kwa simu ya mama, na wiki nzima alinijibu neno lilelile. Ujumbe wa chuo umekuja? Haujaja. Namrudishia mama simu yake, naenda kuchochea moto ambao wala haukuhitaji kuchochewa. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata kuku akipita mbele yangu naona kanikusudia.

Naitwa Kija, mtoto wa tatu wa mzee Budeba. Tunaishi Chanzuru, tunalima, na baba ana ng'ombe ambao tangu Julai alikuwa nao upande wa Mikumi kwa ajili ya malisho. Nilimaliza kidato cha sita mwezi wa tano, nikafaulu, nikaomba shahada ya uuguzi kwenye vyuo viwili, kimoja Dodoma, kingine Mbeya. Nafasi za uuguzi hujaa kwenye dirisha la kwanza la maombi. Ukikosa hapo, dirisha la pili unaokota makombo, kozi ambazo hata anayezisoma hawezi kukueleza atakuwa nani akimaliza. Mimi nilitaka uuguzi, na mtu akiniuliza nikikosa nitafanya nini nilikuwa namjibu vibaya.

Sasa, kwenye fomu ya maombi kuna mahali pa namba ya simu. Mimi simu sina. Mama anayo, ila nyumbani kwetu jambo kubwa halipiti kwenye simu ya mama. Posa, kesi ya mpaka wa shamba, wito wa kijiji, vyote vinapita kwa baba. "Andika yangu," alisema, akanitajia tarakimu moja moja, taratibu, na akanifanya nizirudie mbele yake mara mbili. Nikaandika. Nani angebisha?

Jumatatu asubuhi uvumilivu ukaniisha. Nikaenda Kilosa mjini kwa Optatus, yule mwenye stationery karibu na soko, ndiye aliyenijazia maombi. Akafungua kompyuta, akaingiza namba yangu ya mtihani, akanitazama kwa mshangao.

"Kija, mbona hujathibitisha?"

"Nithibitishe nini?"

"Umechaguliwa vyuo vyote viwili, tangu Jumatano."

Sikuruka wala sikulia. Niliuliza tu kuthibitisha maana yake nini, kwa sababu alivyolitamka lile neno halikunipendeza. Akanieleza kwamba ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba ya siri kwenye simu uliyoandika, unaiingiza, unabaki na chuo kimoja. Usipofanya hivyo, vyote viwili vinakupita na nafasi wanapewa wengine. Ujumbe walishatuma. Mwisho ulikuwa leo, saa kumi jioni.

Nilinyakua simu ya Optatus mezani bila hata kuomba. Mama alikuwa shambani na ya kwake. Namba ya baba naijua hata nikiwa usingizini, nikapiga, akapokea.

"Baba, kuna ujumbe wenye namba ya siri, nitajie haraka, muda unakwisha."

"Nani wewe?"

"Kija. Baba, hiyo namba, nitajie sasa hivi."

"Kija gani?"

"Kija wako, baba, jamani!"

"Mwanangu ana adabu zake," akasema baba. "Tafuta kazi ufanye." Akakata.

Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga mara sita, yule mama wa mtandao akaniambia mara sita kwamba haipatikani. Ikabidi nimweleze Optatus. Mwaka jana mtu alimpigia baba akajifanya ofisa, akamharakisha, akamwomba namba ya siri, na pesa ya dume zima ikatoka kwenye simu yake hivihivi anaiona. Tangu siku ile baba ana sheria yake moja: anayetaka namba ya siri upesi upesi ni mwizi.

Optatus akajikuna shingo. "Lakini dada, hukumwamkia."

Nilitaka kumrushia mashine yake ya kubania karatasi. Sikumrushia, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Miaka kumi na tisa sijawahi kufungua mdomo mbele ya baba bila shikamoo, na siku zote tunaongea Kisukuma. Siku hiyo moja nilimvamia kwa Kiswahili, kwa namba asiyoijua, na kumwamkia sikumwamkia. Ningekuwa yeye, na mimi ningekata.

Optatus akaniandikia kwenye karatasi jinsi ya kuomba namba itumwe upya. Saa tano na nusu nikatoka mbio hadi kijiwe cha bodaboda, nikamwambia dereva mmoja, Bonifas, anipeleke Mikumi.

"Mikumi hii ya nyani na tembo, au kuna nyingine?" akauliza.

"Bonifas, leo usinitanie."

Akaacha. Lakini alisimama kujaza mafuta nikamchukia, akasimama kukagua mnyororo nikamchukia zaidi, na kila lori lililotuziba njia nililisonya. Moyoni nilikuwa nagombana na baba njia nzima. Nilimwambia yote ambayo sitakuja kumwambia, kuhusu simu yake, sheria zake, na ng'ombe wake wanaojua anakokwenda kuliko sisi. Ilinisaidia kidogo.

Tulifika saa tisa na robo. Kwenye duka la dawa za mifugo anakopenda kukaa wakanielekeza ofisi ya kata, alikuwa kwenye kikao cha wafugaji. Dakika kumi nyingine zikaishia kuitafuta. Binti haingii kwenye kikao cha wazee bila kuitwa. Mimi niliingia.

"Shikamooni," nikasema, na goti nikapiga.

"Marahaba," wakaitikia wote, wazee kama kumi na watano. Baba akanyanyuka amejaa furaha. Badala ya kuniuliza nimefuata nini, akawageukia wenzake.

"Huyu ndiye Kija wangu, yule anayesubiri chuo. Mnaona anavyosalimia? Leo asubuhi kuna wezi wamenipigia, wakamtafuta na binti mwenye sauti yake kabisa. Nikajua tu. Mwanangu hawezi kuniongelesha vile."

Wazee wakacheka, mmoja akampongeza. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na nane.

"Baba, naomba simu yako."

Alikuwa ameizima tangu asubuhi kwa ajili ya yule mwizi. Ikachukua muda wake kuwaka. Nikafungua sehemu ya ujumbe, nikakuta patupu.

"Zilikuja nne," akasema baba. "Zote zinataka namba ya siri. Nimezifuta."

"Si nilikuwa nakuuliza kila siku kama kuna ujumbe?"

"Uliuliza ujumbe wa chuo. Hizo zilikuwa za wezi."

Nikatoka nje. Kwa simu ya Bonifas nikafungua ukurasa, nikaufuata ule mwongozo wa Optatus, na duara likawa linazunguka tu. Mtandao ukakata, ukarudi. Nikaomba namba mpya saa tisa na dakika hamsini na moja. Nikasimama juani na simu mbili mkononi, nasubiri. Baba naye akatoka, akasimama karibu yangu.

Ujumbe uliingia saa kumi na dakika mbili. Nikaingiza ile namba hivyohivyo. Ukurasa ukaniandikia kwamba muda wa kuthibitisha umekwisha na kwamba naweza kuomba upya dirisha la pili.

"Yule mwizi wa asubuhi alikuwa mimi," nikamwambia baba. "Na sasa Dodoma imeondoka, Mbeya imeondoka."

Nilisema kwa ukali, na nilikusudia. Nilitaka ang'ake, aniulize nilijifunza wapi kuongea hivyo, ili nami nipate pa kushika. Baba akaitazama simu yake mkononi mwangu.

"Nilikuwa nakulindia hiyo simu," akasema.

"Najua."

"Hilo dirisha jingine, watakuandikia tena kwenye namba ile?"

"Ndiyo, tusipobadilisha."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chaja iliyoviringwa kwa mpira wa baiskeli, akaniwekea kiganjani juu ya simu. "Basi kaa nayo wewe, laini na kila kitu."

"Na ng'ombe wakipotea porini utampigia nani?"

"Nitawafuata kwa miguu."

Nikamwambia hapana. Akanifungia vidole kwenye ile chaja, akageuka kurudi kikaoni. Mlangoni niliwasikia wazee wakimuuliza kulikoni, na baba akawajibu kwa sauti ya kawaida kwamba amemharibia mtoto wake chuo. Hakunitaja kwa kosa lolote. Njia nzima nilikuwa nimemwandalia hasira yangu, na sasa sikuwa na mtu wa kumpa.