Kijiko Kimoja cha Unga

Nilikishika kijiko cha unga juu ya bakuli, nikasubiri Falone ageuke. Alipoinama kuwasha oveni, nikakimimina. Unga ulizama ndani ya nazi na ute wa mayai bila kuacha alama. Nikakoroga haraka, kama mtu anayefuta nyayo zake.

"Papa Dieudonné, taratibu," alisema akicheka. "Hiyo si zege."

Tulikuwa jikoni kwangu, Granville, huku ughaibuni. Falone ndiye aliyepewa kazi ya marehemu mke wangu: kumwosha, kumlisha na kumvalisha mzee Tibor, Myahudi mjane wa kule Bondi, ng'ambo ya jiji. Mzee alikuwa ameomba jambo moja tu, vikeki vya nazi kama vya Léocadie, mke wangu. Vya Pasaka yao. Visiwe na unga hata chembe, maana siku zile dini yao inaukataza.

Ndipo nilipojua. Miaka sita, mara moja kila mwaka, mke wangu aliniaga, "Naenda kwenye Pasaka," nami nikadhani ni kanisani, mambo ya kwaya. Sisi tuna Pasaka moja tu. Kumbe alikuwa jikoni kwa mwanamume mwingine, anapiga mayai. Kwangu alirudi miguu imevimba, akasonga bugali, akageukia ukuta. Kitu kitamu kutoka mkononi mwake mimi sikukumbuka tangu harusi yetu, kule nyumbani Uvira.

Najua, ni mzee wa miaka tisini. Hata kiti chake cha magurudumu nilikionea wivu, kwa sababu mikono ile ya mke wangu ilikishika kuliko ilivyonishika mimi.

Na wakubwa wa ofisi iliyomwajiri ndio waliopanga hayo yote. Kwa rosta yao ya zamu, alfajiri walimtuma Bondi, mchana Rooty Hill, mwisho mwingine wa jiji, wao wamekaa na kahawa zao, wala hawajui Rooty Hill iko upande gani. Madaktari waliandika kwamba kilichomuua ni moyo. Mimi, niliyeishia darasa la nne, naandika kwamba ni rosta.

Basi nikabeba sahani, treni kisha basi, Falone kando yangu ananisifu. "Una roho nzuri, Papa. Mzee atalia."

Mzee Tibor alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomjenga kichwani. Kola ya shati ilimzidi shingo. Alichukua kikeki kimoja, akakinusa, akafumba macho. Alikuwa anamnusa mke wangu, mbele yangu.

"Usile," nikasema. "Nimetia unga."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma, au nilitaka tu ajue ni mimi.

Falone akashika mdomo. "Papa! Kwa nini?"

Mzee akafumbua macho, akanitazama. Kiingereza changu ni cha ghala la Wetherill Park, lakini maneno yake niliyaelewa yote.

"Léocadie naye alitia, mwaka wa kwanza. Alidhani bila unga haviwezi kushikana."

"Ukafanya nini?"

"Nikala. Vinne. Alikuwa amesimama hapo ulipo, ananiangalia aone kama nimevipenda."

"Na dini yako?"

"Yeye alikuwa hajui. Ningemwaibishaje?" Akatabasamu, si kwangu. "Mwaka uliofuata ndipo nilipomweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, pale sakafuni. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Miaka ishirini na saba ya ndoa, kicheko hicho sikuwahi kukisikia.

Mzee alikirudisha kikeki sahanini. Kisha kwa kidole kimoja akaisukuma sahani juu ya meza, polepole, mpaka ikanigusa tumbo.

"Wewe ulijua," alisema.

Nikavuta kiti. Nikala cha kwanza, nikala cha pili. Falone alienda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Mzee alinitazama nikitafuna, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Vilikuwa vitamu. Na vilishikana vizuri.