Makofi Yasiyonyamaza Gachuri

Jumamosi asubuhi Wavinya alikuwa akifagia kiwanja cha Gachuri, nyuma ya machinjio ya Dagoretti, na makofi yalikuwa bado yanalia juu ya kichwa chake. Yalikuwa yakilia tangu mkutano wa Alhamisi. Yalitanda usawa wa mwamba wa goli, hayapandi wala hayashuki, na kunguru walikuwa wameshajifunza kuyazunguka. Alifagia hadi kwenye mti ambako mizani ya kupimia watoto huning'inizwa, akarudia hapo mara ya pili, kama kawaida yake.

"Mama Nthiwa, hayo makofi yenu yatanyamaza lini?" aliuliza Mwihaki, msusi wa Kenyatta Market, akipita na begi la nywele bandia. "Mtoto hajalala."

"Yetu sote. Hata wewe ulipiga."

"Mimi nilipigia soda."

Hilo lilikuwa kweli. Kila mtu alikuwa amepigia soda. Afisa mmoja aitwaye Ndegwa alikuja na kreti na mikate, akaomba mkutano ufunguliwe kwa sala, akaeleza kwamba kuna kampuni inayotaka kiwanja kiwe yadi ya kuuzia magari. Kisha akagawa soda na kuuliza, "Mnaonaje?"

Gachuri haijawahi kumwacha mgeni aondoke bila makofi. Anayeyaongoza ni Wavinya. Harusini, kwenye michango ya matanga, hata timu ikifungwa, ni yeye husimama. Basi alisimama kwa mazoea, chupa mkononi, akapaza sauti: "Makofi ya kilo mbili!" Watu wakapiga kilo mbili kamili. Ndegwa akafunga mkoba wake na kusema wananchi wameridhia.

Sasa, akiwa bado kiwanjani, Wavinya alimpigia simu kumweleza hivyo: walipigia soda.

"Mama, mimi nafuata utaratibu," Ndegwa alisema kwa upole. "Makofi yakiwa hewani, ridhaa iko hewani. Nitapita Jumatano. Nikikuta kimya, tutaanza upya. Nikiyakuta, ukuta unajengwa."

"Sawa, mheshimiwa."

Utaratibu ulieleweka. Wavinya aliweka ufagio chini, akakitazama kiwanja. Hapo ndipo Nthiwa, mwanawe, alijifunza kutembea akishikilia nguzo ya goli. Hapo ndipo watu walikaa kwenye nyasi wakachanga hadi mumewe akapata jeneza na gari la kumpeleka Machakos. Akaanza kupita mlango kwa mlango, akiwaita watu waje kuchukua kila mmoja kofi lake.

Kofi halina jina, lakini lina mkono wake. Watu walipofika na kutega masikio, kila mmoja alilitambua lake. La Karanja wa machinjioni lilikuwa zito na lenye majimaji, kama ini likitupwa mezani. La Mwihaki liliteleza kwa mafuta ya nywele. Kila mwenye kofi alisimama chini ya sauti yake, akafungua viganja, ikatua. Wengine walizibeba kwenye sufuria zenye vifuniko, wengine kwenye chupa za chai. Mchungaji alilitia lake ndani ya Biblia, likawa linagonga kutoka Zaburi.

"Hakuna kuachilia hadi huyo mtu aende," Wavinya aliwaonya. "Na Jumatano mtu asipige lingine. Hata akileta keki."

"Hata akileta mbuzi?" Karanja aliuliza.

"Karanja, wewe hasa."

Kitavi, mtunza bustani, alienda na lake Lavington, mfukoni. Tajiri wake alipokuwa akimfokea mpishi, kofi likalia. Tajiri alidhani anashangiliwa, akaendelea kufoka hadi chakula cha mchana.

Kufikia Jumanne jioni lilibaki moja tu hewani, kavu na la haraka, lenye kuanza kabla ya mengine. Wavinya alilifunga kwenye pindo la leso yake. Kiwanja kikanyamaza, na kunguru wakakatiza katikati tena.

Jumatano watu walikaa juu ya mikono yao. Ndegwa alisimama chini ya goli, akatega sikio. Kilichosikika ni ng'ombe tu, machinjioni.

"Naona mmetulia," alisema. Akatoa salamu za ofisi. Kimya. Akaisifu timu. Golikipa aliuma mdomo. Akaahidi taa za barabarani, na ajuza mmoja akaangukia ubavu kwa juhudi ya kuzuia mikono, akainuliwa kwa viwiko.

 Wavinya alimwona Ndegwa akichukua mkoba wake, akageuka kuondoka, akapiga hatua, kisha akasimama.

"Jambo la mwisho," alisema. "Naambiwa kuna mama hapa anayefagia kiwanja hiki na hajaombwa na mtu. Nyumba ikiungua, wa kwanza kufika na maji ni yeye. Amewapigisha makofi kwa ajili ya kila mtu. Na yeye je? Kuna siku amepigiwa?"

Watu waliangaliana. Siku hiyo haikuwepo.

"Msithubutu," Wavinya alisema. "Jameni, nawaomba. Kama mnanipenda, kaeni hivyo hivyo."

"Lakini tunakupenda, Mama Nthiwa," Karanja alisema, na machozi yakawa yanamtoka. Akatoa mkono mmoja chini ya paja. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akatoa wa pili.

Vifuniko viliruka kutoka kwenye sufuria. Biblia ilifunguka. Gachuri nzima ilisimama, ikapiga kilo ambazo hakuna aliyezitaja, na Wavinya alisimama katikati akitikisa kichwa, huku kwenye pindo la leso yake kofi moja likihangaika kutoka. Alilishika kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umepata joto, kama wa bibi harusi, na jambo hilo halikumsaidia.

Ndegwa alifunga mkoba. "Asanteni sana," alisema.

Ukuta ulijengwa. Magari yaliletwa, yakapangwa hadi pale mizani ilipokuwa. Siku hizi watoto wanapimwa kando ya barabara, na makofi yanalia upande wa pili wa ukuta. Wageni huambiwa ni ya zamani. Wavinya hufagia ule ukanda uliobaki kati ya ukuta na mtaro.

Wiki iliyopita askari wa yadi alimfuata, kofia mkononi.

"Mama, samahani. Ukikaribia, makofi yanapanda sauti. Wateja hawasikilizani bei. Boss anaomba uwe unapitia kule juu, mbali na ukuta."

Wavinya alichukua ufagio wake, akapitia kule juu. Nyuma yake makofi yalipungua polepole, kama ya watu wanaotaka kuhakikisha mgeni wao amefika salama.