Panya Wenzangu

Scola hakuwa mtu wa kuogopa panya, wala wa kumwogopa Dakta Wilfred, msimamizi wake chuoni hapo Kigoma, aliyemwambia toka siku ya kwanza: "Majike wanasumbua, binti. Homoni zao hazitulii. Tumia madume."

Thubutu! Scola alitumia majike watupu. Wote walitolewa ovari, zile zinazotengeneza homoni ya kike, kisha nusu yao akawarudishia homoni ya estrojeni kwa sindano. Akawaonyesha vizibo viwili vya chupa. Kesho yake akaondoa kizibo kimoja, akaweka kifungo cha koti mahali pake. Panya anayekumbuka hana shughuli na kizibo alichokwisha kukizoea, hukimbilia kile kigeni akakinusanusa. Wa sindano wakakimbilia kifungo. Wasio na sindano wakazubaa tu, na Scola akawacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Aliporudia jaribio, mambo yakageuka. Wasio na sindano nao wakakivamia kifungo! Na Dakta alikuwa anakuja keshokutwa kujionea mwenyewe. Akiona vile, utafiti wote unaingia kapuni.

Scola akakinusa kile kifungo. Dagaa!

Mtu wa dagaa humo maabarani alikuwa mmoja: mama yake, Rozalia, mchuuzi wa dagaa katika soko la Kibirizi, aliyemletea chakula kila mchana.

"Mama, umekipaka dagaa kifungo changu?"

"Nimekipaka, na hao wasio na sindano nimewalisha." Rozalia hakupepesa macho. "Ni wenzangu. Tangu hedhi ikome nafika sokoni nimesahau kilichonipeleka, watu wananiita kichwa maji. Nakuja hapa nakuta nao wanachekwa, na anayewacheka ni mwanangu. Roho iliniuma, Scola."

Scola aliona aibu. "Nisamehe, Mama. Siwacheki tena. Lakini tukidanganya hapa, nani atajua ukweli wa majike, wenye mikia na wasio na mikia?"

Rozalia akaguna, akaenda kunawa kwa sabuni. Wakaanza upya: kesho vijiko viwili, keshokutwa kijiko na kiberiti.

Dakta akaja, akatazama. Wa sindano wakakimbilia kiberiti. Wasio na sindano wakazubaa vilevile.

"Umenishinda, binti," akasema. "Endelea na majike wako."

Rozalia alikuwa ameinamisha kichwa. Mara panya mmoja asiye na sindano akavipita kijiko na kiberiti, akaja moja kwa moja pembeni aliposimama Rozalia, akainuka kwa miguu miwili akamngoja. Dagaa hakuna, mikono imeoshwa.

"Kijiko umekisahau," Rozalia akamwambia, machozi yakimlengalenga, "aliyekulisha hukumsahau." Akamgeukia Dakta. "Na hilo nalo mliandike."