Nani Amevimba

Mhandisi kijana alipangusa vumbi la saruji kwenye kompyuta kwa mkono wa sweta, kama kila asubuhi, kisha akaufungua tena mfano wa handaki lililokuwa likichimbwa. Jibu lilikuwa lile lile la jana. Mwamba wa huko chini una udongo wa mfinyanzi ndani yake. Ukinywa maji unavimba, na ukikosa pa kwenda unasukuma sakafu juu. Mfano ulionyesha sakafu ikipasuka kabla mvua hazijakatika, na mafundi wakiwa bado kazini.

Bosi wa mradi aliingia bila hodi.

"Weka maji sifuri. Wakaguzi wanakuja mchana."

"Bosi, mle ndani watu wanavaa buti za mpira. Maji yanatiririka."

"Kwenye kompyuta yasitiririke."

"Sasa nikiandika mkavu, mwamba utasoma?"

Bosi hakucheka. "Binti, nani amevimba hapa, mwamba au wewe?"

Aliyekuwa akimwaga zege la sakafu hiyo ni shemeji yake, mume wa dada yake, na dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Angemwambia nini dada?

"Sibadilishi," akasema.

"Basi acha funguo mezani. Kuna wenzako wanaotaka kazi."

Akaziacha. Alijua kwamba kabla ya saa sita mwenzake mmoja atakuwa ameshauandika huo ukavu. Badala ya kwenda getini, akashuka hadi mdomo wa handaki, ambako mafundi wa zamu walikuwa wanavaa buti.

"Shemeji, msiingie. Sakafu itapasuka."

"Ufa si tunauziba?" mmoja akatania. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Mnauziba, halafu?"

Utani ukaisha. Ufa ule waliuziba kila mara, na kila mara waliukuta umefunguka, mpana zaidi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwa nini. Akawaeleza habari ya maji na mwamba, kwa hasira.

"Na bosi anasemaje?" shemeji akauliza.

"Anasema mimi ndiye nimevimba."

Shemeji akavua buti moja, akamwaga maji ya jana yaliyobaki ndani. Akavua na ya pili. Akageuza ndoo, akaikalia katikati ya njia, na wenzake wakaanza kukaa mmoja mmoja.

"Kamwambie tumevimba wote," akasema. "Kama kumekauka, ashuke yeye na viatu vyake vya ngozi."