Hatua ya Shangazi Efrazia

Kwa maneno ya jirani wa kina Oliva, Mama Dionis, ilikuwa hivi: jana shangazi Efrazia alikuwa mnadani na vitunguu saumu vyake, vijana wa bodaboda wakamwonyesha simu. Akaona binti wa Arusha anacheza huku anaburuta mguu, na wenzake nyuma wanaburuta. Akauliza, "Huo mchezo umetoka wapi?" Wakamjibu, "Kwa Oliva, mtoto wa kaka yako, huko Tlawi." Basi shangazi akanyanyuka, machozi yanamtiririka, akaviacha vitunguu vyote chini na kuondoka.

"Na sijaongeza hata neno," Mama Dionis akasema. "Leo anakuja kwenu. Jiandae."

Oliva akabaki na ungo mkononi. Maharage hayakupetwa tena asubuhi ile.

Ni kweli ile hatua ilikuwa ya shangazi. Tangu avunjike mguu wa kulia, shangazi hupanda mahindi kwa namna yake: anachimba shimo, anaangusha mbegu, kisha mguu huo unaburuta udongo na kisigino kinagonga mara mbili. Oliva alifuata nyuma yake msimu baada ya msimu, akiangalia tu, hadi siku moja miguu yake mwenyewe ikaishika hatua hiyo. Akaicheza uwanjani kwao, akaweka video mtandaoni, akaandika, "Staili ya Tlawi." Basi. Haikupita wiki mbili, yule binti wa Arusha akaicheza mbele ya wafuasi wake wengi na kuandika kwamba ameibuni yeye.

Hilo Oliva alilimeza. Lililomkosesha raha ni hili la leo. Mama yake alipofariki, ni shangazi aliyemlea. Mtu huyo akiamini kwamba amechekwa kilema na mtoto aliyemlea mwenyewe, Oliva atamtazama vipi tena?

Saa sita shangazi akatokea na fimbo yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete simu."

Akakaa. Akaangalia video ya Oliva, akaangalia ya Arusha, akairudia. Oliva alisimama kama anayengoja matokeo ya mtihani.

"Huyu wa mjini hajui kupanda," shangazi akasema mwishowe. "Kisigino anagonga mara moja. Mbegu zake zote zitaliwa na kunguru."

"Shangazi… hukukasirika? Mama Dionis amesema ulilia."

"Nililia kwa kucheka! Vitunguu nilimwachia Restituta, muuzaji mwenzangu, aniuzie, niwahi kukusimulia, mvua ikanizuia. Huyo Mama Dionis ana mdomo!" Kisha akaacha kucheka. "Lakini nimekasirika, ndiyo. Jina langu liko wapi?"

Oliva akainama. "Niliona aibu. Nitakutajaje mtu mzima kwa jina tupu, mbele ya watu wote wale? Nikaona ni utovu wa adabu."

"Katekista ananitaja kanisani kila zamu ya usafi. 'Efrazia Margwe, deki!' Kwenye deki nitajwe, kwenye ngoma nifichwe?"

Oliva akacheka mpaka akakaa chini, pumzi zikamtoka kama aliyetua debe la maji. Pale pale akasahihisha maandishi: *Hatua hii ni ya shangazi yangu, Efrazia Margwe wa Tlawi. Mimi nimeiga.* Akamsomea. Shangazi akataka asomewe tena, safari hii polepole.

"Sasa na yule wa Arusha. Mwandikie. Kwa adabu, usimtukane."

Oliva akaandika: *Dada, habari za kazi. Hatua unayocheza ni ya shangazi yangu Efrazia Margwe wa Tlawi, ameianzisha shambani kwake. Tunakuomba uandike jina lake. Na kisigino ni mara mbili.*

Akatuma. Baada ya muda kidogo alama ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa.

Shangazi akasogeza kigoda karibu. "Anasemaje?"

"Bado, shangazi."

"Shika vizuri hiyo simu, isizime."

Wakaikodolea macho wote wawili.