Mafaili Yenye Meno

Mtunza masjala wa ofisi ya maji alikuwa mtu wa mpangilio. Hata vitunguu vya jikoni kwake alivipanga kwa ukubwa. Jumatatu ile dereva aliposhusha makasha manne huku akihema na kusema, "Mama, mafaili yako mazito, yamebeba siri za watu nini?", yeye alicheka na kutia saini.

Alipofungua kasha la kwanza, kicheko kilikatika. Hamkuwa na jalada hata moja. Zilikuwa tupa, zile za kunolea misumeno na kusugulia chuma: bapa, za duara, za pembe tatu, zinang'aa kwa mafuta.

Mwuzaji alikuwa nchi ya mbali, hajui Kiswahili, hivyo agizo lilikwenda kwa Kiingereza. Mama wa watu aliandika neno moja, "files", na idadi: mia mbili. Kumbe neno lina sura mbili, na mwuzaji alichagua ile nyingine.

Mkuu wa ofisi aliokota tupa moja akaigeuzageuza. "Tunafungua karakana?"

"Kosa langu, mzee. Nimeshawaandikia. Mafaili yatafika baada ya wiki tatu."

"Na mkaguzi anafika Alhamisi."

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Majalada ya zamani yaliliwa na mchwa, na barua za wateja, elfu moja na ushee, zilikuwa zimerundikwa sakafuni kama nguo za kufua.

Jioni aliwasimulia wa nyumbani. Mumewe, seremala, macho yalimtoka. "Mia mbili? Hata mbili tatu haziwezi kusahaulika njiani?"

"Mali ya watu hiyo, baba watoto. Zinarudi zote."

Wifi yake, mwalimu wa Kiingereza, alikwisha kufungua kamusi yake nene. Alisoma kimyakimya, kisha akatabasamu. "Wifi, haya ni maneno mawili, wala hayana undugu. La tupa ni la kale, la wahunzi. La faili lilitoka kwenye uzi. Zamani watu walitunga karatasi kwenye uzi ili zisipotee. Hata watu wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, Waingereza hutumia neno hilohilo, maana wamejipanga kama uzi."

"Yaani yamekutana mjini tu, yakavaa shati moja," alisema seremala.

Mama mkwe, fundi cherehani tangu ujana wake, aliinua kichwa kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Kama asili yake ni uzi, mwanangu, unalia nini? Uzi ninao."

Kesho yake alifika ofisini na mabunda ya uzi mnene na shazia mbili, zile sindano za kushonea magunia. Mtunza masjala alipanga barua kwa mitaa na tarehe. Mama mkwe alitoboa pembeni, akatunga, akapiga fundo. Kila mtaa ulipata uzi wa rangi yake. Kufikia Jumatano jioni vidole viliwauma wote wawili, lakini sakafu ilionekana.

Alhamisi mkaguzi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alitazama nyuzi zilizoning'inia ukutani. "Nipe malalamiko ya bomba lililopasuka mtaa wa sokoni, mwaka juzi."

Mtunza masjala alishusha uzi mwekundu, akapekua, akampa. Haikufika dakika.

"Utaratibu huu umeutoa wapi?"

"Kwenye kamusi, bibi. Na kwa mama mkwe wangu."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, akiwa ameuma mdomo asicheke.

Mama mkwe naye tangu siku hiyo hazuiliki. Mteja akija kuchukua gauni lake, lazima asikie kwanza: "Nimeshona nguo za maharusi na suruali za wazee, lakini ofisi nzima? Hiyo nimeshona mwaka huu."